Mgeni Aliyekwisha Shika Jembe

Mwaka 1972 ulikuwa mwaka wa machozi katika Afrika Mashariki. Mwezi wa Agosti, Idi Amin aliamuru Waasia waondoke Uganda katika muda wa siku 90. Mwaka huo huo, maelfu ya Wahutu waliyakimbia mauaji ya Burundi, wakavuka mpaka kuingia Tanzania.

Miongoni mwa walioikosa Uganda yumo Bibi Zarina Bhimji, aliyezaliwa Mbarara mwaka 1963, akahamia Uingereza pamoja na jamaa zake mwaka 1974. Leo ni mpiga picha na mtengenezaji wa filamu mwenye sifa kubwa. Filamu yake iitwayo *Out of Blue*, aliyoipiga Uganda, ilionyeshwa mwaka 2002 katika maonyesho ya Documenta mjini Kassel, Ujerumani. Ndani yake twaona vilima vya kijani, moto uunguzao majani, majengo yaliyohamwa na uwanja wa ndege. Sauti za watu zasikika, bali wenyewe karibu hawaonekani kabisa. Kuta tupu ndizo zitoazo ushahidi.

Lakini nyumba iliyoachwa ni nusu tu ya habari ya mkimbizi. Nusu ya pili iko kwetu, katika Mkoa wa Katavi. Warundi wale walipewa mapori ya Katumba, na baadaye Mishamo, katika Wilaya ya Mpanda ya siku zile. Walifyeka, wakajenga, wakalima mahindi, maharagwe na tumbaku. Mwaka 2014 Serikali ilianza kugawa vyeti vya uraia kwa watu zaidi ya 162,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu ya Tabora, pamoja na watoto na wajukuu waliozaliwa hapa. Hapo awali walitakiwa watawanyike katika mikoa mingine. Baadaye wakaruhusiwa kubaki.

Mpiga picha atakayekwenda Katumba na jicho kama la Bibi Bhimji hatakuta ukiwa. Atakuta matuta, maghala, na makaburi ya wazee walioifyeka ardhi hiyo. Hizo nazo ni picha za uhamisho, na yafaa zipigwe na kuhifadhiwa wangali hai wale waikumbukao safari.

Ndugu wasomaji, cheti hutolewa kwa siku moja. Ujirani hauna ofisi iutoayo; hutoka vinywani mwetu. Mtu aliyezaliwa Mishamo, aliyeukana uraia wa Burundi ili awe Mtanzania, akiitwa "mkimbizi" sokoni au kazini, anafukuzwa mara ya pili, wala hana tena pa kwenda. Hatuna budi kuikomesha tabia hiyo.

Wazee wetu walisema mgeni siku ya tatu apewe jembe. Hawa wamelishika jembe hilo kwa zaidi ya miaka 50. Kuwaita wageni hata leo ni kuivunja methali yetu wenyewe.