Dakika 45 ziko kwenye pete: Saa ya mbizi kwa refa wa Nyamiaga

Januari 12, 2022, mjini Limbe, Kamerun. Huku kwetu ilikuwa jioni, watu wameshakaa mbele ya luninga. Mali inaongoza bao 1-0 dhidi ya Tunisia kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, penalti ya Ibrahima Koné. Ghafla mwamuzi Janny Sikazwe wa Zambia anapuliza kipyenga cha mwisho.

Dakika ya 85.

Akashtuliwa, mpira ukaendelea. Akapuliza tena, safari hii dakika 90 zikiwa bado hazijatimia, na hakuna hata sekunde moja ya nyongeza. Benchi la Tunisia likamvaa, akatolewa uwanjani na walinzi. Baadaye ikaamriwa timu zirudi kumalizia dakika zilizobaki. Mali wakarudi, Tunisia wakagoma, mechi ikaisha kwa bao lile lile moja.

Ilielezwa baadaye kwamba jua kali lilikuwa limemzidi mwamuzi, na hakuna sababu ya kumcheka. Mwaka huo huo alikwenda Kombe la Dunia Qatar akachezesha Ubelgiji na Canada. Lakini tangu siku ile, mashabiki wanamwangalia refa mkononi kabla ya kumwangalia usoni.

Sasa tutoke Limbe twende kata ya Nyamiaga, wilayani Ngara, mkoani Kagera. Huku hakuna VAR wala mwamuzi wa akiba mwenye ubao wa taa. Kwenye ndondo za vijijini, mbuzi wa zawadi amefungwa pale pembeni na vijiji viwili vimesimama kwenye mstari, kila kimoja na saa zake. Refa akimaliza mpira dakika mbili kabla, hatoki na walinzi. Anatoka na miguu yake, kama ana mbio.

Wengi wanatumia simu. Hapo ndipo Ngara ina shida yake yenyewe ambayo mtu wa Dar es Salaam haijui. Wilaya hii imepakana na Rwanda na Burundi, na nchi zote hizo mbili ziko nyuma yetu kwa saa moja. Simu inayojipangia saa yenyewe ikidaka mnara wa ng'ambo, saa 10 jioni inageuka saa 9 mfukoni mwako. Umeitwa uwanjani saa 10, wewe bado unakunywa chai, unajiona umewahi.

Saa ya mkononi haidaki mnara wa mtu.

Ndiyo maana swali la saa gani ya kununua na kuvaa kila siku si la mabilionea peke yao. Na kwa mtu wa mpira, jibu lipo mahali pa ajabu kidogo: kwenye saa za wapiga mbizi. Ndiyo, hapa Ngara, ambako Bahari ya Hindi iko kama kilomita 1,000 ukinyoosha mstari kwenye ramani.

Siri ni pete. Saa ya mbizi ina pete inayozunguka kioo, imeandikwa dakika 60, na ina alama ya pembetatu. Mpiga mbizi akizama anazungusha pete mpaka pembetatu iwe sawa na mshale wa dakika. Baada ya hapo hapigi hesabu, anasoma tu amekaa chini ya maji dakika ngapi, asije akaishiwa hewa.

Mtoe mpiga mbizi, muweke refa. Anapuliza kuanza, pembetatu ipo kwenye mshale wa dakika. Mshale ukifika 45 kwenye pete, kipindi kimekwisha, bado dakika za kufidia. Hakuna kujumlisha kichwani kwamba tulianza saa 10 na dakika 13 kwa hiyo tunamaliza sijui lini. Mtu aliyekimbia jua lote hesabu ile inampotea, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Kuna mtego mmoja lakini. Pete ya saa ya mbizi halisi inazunguka upande mmoja tu, kinyume na mishale. Sababu yake ni uhai: ikigongwa kwa bahati mbaya, inaonyesha muda mwingi kuliko uliopita, na mpiga mbizi anapanda juu mapema badala ya kuchelewa. Kwa mwamuzi mambo yanageuka. Pete ikigongwa na kiwiko cha beki, itamwambia dakika zimekwisha wakati bado. Ndiyo maana kanuni ya 5 ya mpira, inapotaja vifaa vya lazima vya mwamuzi, inaruhusu saa zaidi ya moja. Waamuzi wengi wanavaa mbili: moja inakimbia tu, nyingine inasimamishwa mtu akiumia.

Halafu kanuni zinakataza mwamuzi kuvaa mapambo uwanjani, isipokuwa saa ya kupimia muda wa mchezo. Yaani ukitaka kupendeza pale kati, umeachiwa saa tu. Itumie vizuri nafasi hiyo.

Saa hizi zilianza mwaka 1953. Blancpain walitengeneza Fifty Fathoms kwa ajili ya wapiga mbizi wa jeshi la Ufaransa, na kipindi hicho hicho Rolex wakaja na Submariner. Wajapani wa Seiko wakaingia mwaka 1965. Zilikuwa vifaa vya kazi kama jembe. Ufahari ulikuja baadaye, pamoja na wacheza sinema na wacheza mpira.

Na wacheza mpira wameubeba kweli kweli. Hublot ilikuwa saa rasmi ya FIFA kwenye Kombe la Dunia 2010, na kwa fainali za Urusi 2018 ikatoa saa yenye jina la Big Bang Referee. David Beckham anaitangaza Tudor tangu 2017. Kijana anamwona Beckham, anaitamani saa. Hapo ndipo mfuko wa msimu mzima wa kahawa unapoanza kuwasha.

Kabla hujaufungua, sikia hili ambalo muuza saa hatakwambia. Saa ya betri ya bei ya kawaida inakwenda sahihi kuliko saa ya kifahari. Ya betri inapotea sekunde 15 au 20 kwa mwezi. Rolex, kwa maelezo ya kiwanda chenyewe, inaruhusiwa sekunde 2 kwa siku, na hiyo ni miongoni mwa zilizo bora katika saa zinazojijaza kwa mtikisiko wa mkono. Seiko otomatiki ya bei nafuu inaweza kupotea hata sekunde 40 kwa siku. Usiogope. Sekunde 40 kwa siku, ukizigawa mpaka dakika 90, hazifiki hata tatu. Hakuna mbuzi aliyewahi kugombewa kwa sekunde tatu.

Kwa hiyo unaponunua Submariner kwa karibu dola 10,000 hununui muda. Unanunua chuma, ufundi, jina, na thamani ambayo unaweza kuiuza kesho. Tudor, ndugu yake, maana zote zilianzishwa na Hans Wilsdorf, inapatikana kwa karibu nusu ya bei hiyo, na ikivaliwa kila siku inavumilia vilevile. Kama nyumba imeezekwa na ada za watoto zimelipwa, Tudor ndiyo chaguo la mtu mwenye akili. Submariner juu ya bodaboda kwenye vumbi la Ngara ni kumtafutia dereva majaribu.

Kwa anayepuliza kipyenga Jumamosi na kushika jembe Jumatatu, Seiko au Citizen ya mbizi ya mita 200 inatosha na inazidi. Hata fedha ikiwepo, hiyo ndiyo ya kuanza nayo. Mwaka mmoja wa kuivaa utakuonyesha kama kweli unavaa saa kila siku au ulimpenda Beckham tu.

Maandishi ya maji nayo yanadanganya wengi. Saa iliyoandikwa mita 30 si ya kuzama mita 30. Ni ya kunyeshewa na kunawia mikono. Kwa kuogelea anzia 100, na saa ya mbizi kwa kiwango cha kimataifa haishuki hapo. Kile kifundo cha pembeni kiwe cha kufunga kwa kuzungusha kama skrubu, na ukifunge kabla ya mvua, si baada.

Angalia na giza. Mechi iliyochelewa kuanza inaishia magharibi, na Ngara jua likishazama limezama. Alama na mishale inayong'aa yenyewe si pambo. Zima taa ya duka, funika saa kwa kiganja, chungulia. Usipoona pembetatu, irudishe kabatini.

Kuhusu saa feki, Kampala wamekuwa wakweli kuliko wote: ukiomba rolex barabarani unapewa chapati iliyoviringwa na mayai, na inashibisha. Ya stendi haishibishi. "Submariner" ambayo mshale wake wa sekunde unaruka tik, tik, sekunde moja moja, ni ya betri, na Submariner haijawahi kuwa ya betri. Zungusha pete nayo. Ikienda pande zote mbili, au ikicheza kama jino bovu, mshukuru muuzaji uondoke.

Na uliza nani ataifungua itakapoharibika. Fundi wa mezani anaweza kuifanya itembee tena, lakini akifunga mfuniko bila kubadili mipira ya kuzuia maji na bila kuipima, zile mita 200 zimebaki maandishi. Ukiona ukungu ndani ya kioo, umechelewa. Saa ya mamilioni isiyo na fundi wa uhakika karibu itakuwa inasafiri mbali kuliko mwenyewe.

Ukipata yako, ivae juu kidogo ya kifundo cha mkono ili isichimbe mkono unapoinua kadi. Chuma kinapendeza kanisani na msikitini, ila kwa mechi weka mkanda wa mpira, jasho halikai. Mpira ukiisha, ioshe kwa maji safi kabla vumbi halijakauka chini ya pete, maana likikauka pete haizunguki, na Jumamosi inayofuata una mechi.