Nukta Moja Inaweza Kuondoa Ulinzi: Jinsi Marekebisho Madogo ya Programu Huria Yanavyokaguliwa

Mkaazi wa Majengo anapofika katika kituo cha afya cha umma, mara nyingi mhudumu hutafuta rekodi yake kwenye kompyuta. Katika vituo vingi nchini, rekodi za huduma za HIV huhifadhiwa katika KenyaEMR, programu iliyojengwa juu ya OpenMRS. Hii ni programu huria: msimbo wake uko wazi, na mtu yeyote anaweza kuusoma, kuutumia bila malipo na kupendekeza marekebisho. Mradi huo ulianza mwaka 2004 kutokana na kazi ya madaktari wa Kenya na Marekani mjini Eldoret, na ukaanza kutumika huko mwaka 2006.

Kwa kuwa yeyote anaweza kupendekeza, kila pendekezo hukaguliwa kabla ya kupokelewa. Yanayopita kwa urahisi zaidi ni yale madogo, hasa yanayogusa faili ya maagizo ya ujenzi.

Faili ya ujenzi ni nini?

Msimbo unaoandikwa na watu hugeuzwa na kompyuta kuwa programu kamili. Kazi hiyo huitwa ujenzi. Faili ya maagizo hueleza ni sehemu zipi ziunganishwe, toleo lipi la kila sehemu litumike na majaribio gani yafanywe. Katika OpenMRS faili hiyo huitwa pom.xml, na husomwa na zana iitwayo Maven.

Ni sawa na fundi anayeambiwa achanganye toroli ngapi za mchanga kwa mfuko mmoja wa saruji. Namba hiyo ikibadilishwa, ukuta utasimama siku ya kwanza kama kawaida. Udhaifu utaonekana baadaye.

Funzo la mwaka 2024

Mnamo Machi 29, 2024, mhandisi Andres Freund aliutangazia ulimwengu kwamba XZ, programu huria ya kubana faili inayotumika katika kompyuta nyingi za Linux, ilikuwa imewekewa mlango wa siri. Alianza kuchunguza baada ya kuona kuwa kuingia kwenye kompyuta kwa njia ya SSH kulichelewa kwa takriban nusu sekunde. Aliyehusika alitumia jina la Jia Tan, na alikuwa amechangia mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili hadi akaaminiwa.

Mlango wenyewe ulifichwa kwingine, lakini wachunguzi walikuta pia nukta moja katika faili ya maagizo ya ujenzi. Faili hiyo iliiagiza kompyuta ijenge kipande kidogo cha msimbo ili kujua kama ina kinga iitwayo Landlock. Nukta hiyo iliharibu kipande hicho, jaribio likafeli kila mara, na ujenzi ukaendelea bila kinga. Hakuna onyo lililotolewa. Mtunzaji wa mradi, Lasse Collin, aliiondoa Machi 30.

Hatua za mkaguzi

1. Soma maelezo ya pendekezo. Tatizo ni lipi, na linatokea kwenye kompyuta za aina gani? Maelezo yasipoeleweka, uliza kabla ya kuendelea.

2. Soma kila mstari uliobadilika, pamoja na nukta, mabano na nafasi.

3. Jenga programu bila marekebisho na ulione tatizo kwa macho yako. Kisha jenga tena ukiwa na marekebisho uone kama limekwisha.

4. Soma taarifa zote za ujenzi, hata kama umefaulu. Je, kuna jaribio au kinga iliyokuwepo ambayo sasa imerukwa?

5. Kama toleo la sehemu fulani limebadilishwa, hakikisha linatoka kwenye chanzo rasmi.

6. Andika ulichojaribu na ulichokiona, kwa lugha ya heshima. Sifa njema ya mwandishi haichukui nafasi ya ukaguzi.

Nafasi kwa vijana

Kazi hii haihitaji cheti. Kijana wa Majengo anayeelewa misingi ya uandishi wa programu anahitaji kompyuta, intaneti na akaunti ya GitHub, ambayo haina malipo na ndiko msimbo wa OpenMRS unakopatikana. Anaweza kuanza kwa kusoma mapendekezo yaliyokwisha kupokelewa na maswali yaliyoulizwa na wakaguzi, kisha ajenge programu mwenyewe.

Katika majaribio yote atumie taarifa za kubuni. Taarifa za mgonjwa halisi zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na hazipaswi kuwekwa kwenye kompyuta ya majaribio wala kubandikwa mtandaoni, hata kwa nia ya kuonyesha kosa.

Mgonjwa hataiona kazi ya mkaguzi. Atakachojua ni kwamba rekodi yake ilipatikana siku aliyoihitaji, na haikusomwa na asiyehusika.