Siku nne Leipzig, swali moja mkononi

OTWorld ya Leipzig, Ujerumani, huja kila baada ya miaka miwili. Ndani ya siku nne kuna kongamano la wataalamu wa viungo bandia na, papo hapo, maonyesho ya biashara. Mada huendeshwa kwenye kumbi kadhaa kwa wakati mmoja. Yaani ukikaa kusikiliza habari za soketi, ile ya watoto imekupita.

Kwa hiyo anza na swali, ratiba baadaye. Fundi aliyesoma TATCOT pale Moshi na kuhudumia wakulima anaweza kwenda na hili tu: unyayo upi utastahimili joto, unyevu na tope? Raba laini ya nyayo bandia nyingi huchakaa haraka katika mazingira hayo, na kwa mgonjwa anayeishi mbali, unyayo ukipasuka ni kukaa nyumbani mpaka nauli ipatikane.

Swali hilo litakuchagulia mada mbili au tatu kwa siku, basi. Muda mwingine upeleke kwenye maonyesho, tena asubuhi kabla watu hawajajaa. Shika goti, likunje, uliza: linafunguliwa kwa zana gani? Vipuri mnauza kimoja kimoja? Muuzaji akisita, umeshajibiwa. Magoti ya kompyuta yanavutia kweli, ila yanataka kuchajiwa, na umeme wa kijijini unaujua.

Mabango ya utafiti usiyapite, maana mtafiti mwenyewe kasimama pale. Jioni tenga nusu saa uandike nani kasema nini, kabla kadi za biashara hazijaanza kufanana zote.