Jinsi bakteria anavyojikinga na sumu yake mwenyewe

Wahenga walinena: mchimba kisima huingia mwenyewe. Yuko hata hivyo bakteria wa udongoni, Streptomyces griseus, ambaye hutengeneza sumu ya kuwaulia bakteria wengine na yeye akasalimika. Sumu hiyo ni streptomisini, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1943 na kuwa dawa ya kifua kikuu.

Streptomisini hushika ribosomu, yaani viwanda vidogo vya protini ndani ya seli, na kuzivuruga. Ribosomu za mtengenezaji nazo zaweza kuvurugwa vivyo hivyo. Kwa hiyo kimeng'enya maalumu huibandika sumu fosfati, ikawa butu. Hutolewa nje ingali butu. Huko kimeng'enya kingine huibandua fosfati hiyo, na makali hurejea. Sumu ikipenya tena ndani, hubandikwa upya.

Kinga hiyo imo katika jeni, na jeni za bakteria huweza kuhama toka mmoja hadi mwingine. Mwaka 1973 Benveniste na Davies walionyesha kwamba vimeng'enya vya namna hii vya jamii ya Streptomyces vyafanana na vile vya bakteria sugu waliopatikana kwa wagonjwa. Basi usugu haukuzaliwa hospitalini: ulikuwamo udongoni kabla binadamu hajaijua dawa, na kila dozi itumiwayo ovyo huwapa nafasi wale walioupata.