Bunduki ya Mjerumani Isiyo ya Mjerumani

Igoma, kama kwingineko Usukumani, silaha yoyote kuukuu yenye mtutu mrefu huitwa "ya Mjerumani". Mara nyingi siyo. Kuna magobore yaliyotengenezwa na wahunzi kwa bomba la chuma, ambayo ukiyageuza huku na huku huoni namba wala muhuri wa kiwanda. Kuna za Mwingereza, aliyeitwaa Mwanza Julai 1916. Na hata ile ambayo kweli ilibebwa na askari wa Mjerumani, huenda haikutoka Ujerumani.

Ukikuta chuma cha namna hiyo darini au kwenye sanduku la marehemu, usikiguse. Chukulia kwamba kina risasi ndani, kisha toa taarifa polisi. Kumiliki silaha bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na "ilikuwa ya babu" si leseni. Ninayoeleza hapa yanahusu bunduki zilizo makumbusho au mikononi mwa wenye kibali.

Lee-Enfield, bunduki ya KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), inasomeka kama cheti cha kuzaliwa. Tazama upande wa kulia, kwenye pingili ya chuma pale kitako kinapoanzia: kuna taji, herufi za mfalme (GR ni George), kiwanda, mwaka, na aina. Ikiandikwa III yenye nyota pembeni, ni toleo lililorahisishwa wakati wa Vita vya Kwanza. Viwanda viliondoa kilengeo cha masafa marefu cha ubavuni na kile kibati cha kuzuia risasi za kwenye magazini. Pasipo nyota, na vitu hivyo navyo havipo, jua imepita karakana. Mishale miwili iliyogusana ncha inaonyesha iliuzwa nje ya mali ya serikali. Herufi DP maana yake ni ya gwaride tu, haifai kupigwa kamwe.

Kisha linganisha namba: kwenye mtutu, kwenye mwili wa bunduki, nyuma ya mkono wa bolti, kwenye kofia ya mbele na kwenye mbao chini yake. Ya bolti ndiyo ya kuangaliwa sana, maana kila bolti ilipimwa kwa bunduki yake. Ukiweka ya nyingine, nafasi nyuma ya risasi inaweza kuzidi na ganda likapasukia usoni pa mpigaji.

Wakusanyaji wa Ulaya hushusha bei namba zisipofanana. Kwetu kipimo hicho kinapotosha, kwani vita vilichanganya silaha za majeshi mbalimbali. Vita vilipoanza 1914, kampuni nyingi za Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Mjerumani, zilikuwa bado na Mauser ya 1871, bunduki ya risasi moja moja ya milimita 11, yenye baruti ya moshi mzito uliomwonyesha adui mpigaji alipo. Baada ya ushindi wa Tanga, Novemba 1914, kamanda wao von Lettow-Vorbeck alipata bunduki za kisasa za Waingereza za kutosha kampuni tatu. Aprili 1915 meli ya Mjerumani Rubens, iliyobeba silaha na risasi, ilifika Ghuba ya Manza ikiandamwa na manowari. Shehena iliopolewa majini, na risasi zilizolowa zikafunguliwa moja moja ili baruti ianikwe. Novemba 1917 zikatekwa za Wareno kule Ngomano. Askari wa von Lettow-Vorbeck waliposalimisha silaha Abercorn, sasa Mbala, Novemba 1918, bunduki nyingi zilikuwa za Kiingereza na Kireno. Kwa hiyo Mauser yenye nembo ya Mfalme Carlos wa Ureno ikionekana Songea, si lazima iwe ya kughushi.

Ila mchanganyiko wa vita si mchanganyiko wa dukani. Vipande vilivyozeeka pamoja huchakaa pamoja: mbao imenywea sawasawa kuzunguka chuma, na weusi wa jasho hauruki kutoka kipande hadi kipande. Skurubu yenye mdomo uliochubuka na kung'aa ilifunguliwa juzi. Herufi zilizofifia kingo zimepitiwa na msasa, na hapo ndipo ninapoacha kuamini rangi mpya nyeusi.

Ndani ya mtutu ndiko kwenye ukweli. Fataki za zamani ziliacha chumvi, nayo chumvi huvuta unyevu. Ndiyo maana wanajeshi wa Kiingereza walimwagia mtutu maji ya moto baada ya kupiga. Asiyefanya hivyo aliachiwa vishimo vya kutu. Mtutu wa Lee-Enfield ya KAR kwa kawaida una mifereji mitano inayojipinda kushoto. Nje ikimeremeta na ndani ikiwa imeliwa, nje kumeguswa.

Kwa anayetunza, kitambaa kikavu na mafuta mepesi vinatosha. Vanishi ni uharibifu, msasa zaidi. Piga picha kila namba kabla ya kugusa skurubu yoyote, na mikwaruzo ya kisu kwenye kitako iache ilivyo, hata kama huwezi kuisoma.