Harusi Bila Kamati, Bila Ukumbi: Mahali Panachaguliwaje?

Kiswahili kina neno kutoroshana, na neno hilo lina harufu ya kesi. Ukisikia binti katoroshwa, unajua kesho wazee watakaa, faini itatajwa na mshenga atatumwa kwenda kupoza mambo. Ila siku hizi huku chuoni kuna ndoa ya namna nyingine inayozungumzwa sana, hasa kadi za michango zinapoanza kusambaa na bumu halijatoka: wawili wanaamua kuoana wakiwa na watu wachache kabisa, nje, mahali penye mandhari nzuri. Hakuna kamati, hakuna ukumbi, hakuna emsii wa kutuamuru tusimame tucheze. Hawamkimbii mzazi. Wanaikimbia shughuli.

Naandika haya kwa sababu kazi yenyewe nimeshapewa. Dada yangu anaolewa mwishoni mwa Mei. Shemeji anafanya kazi Iringa, mimi nasoma Iringa, basi nikaambiwa, "Mdogo wangu, wewe uko huko, tutafutie mahali." Nimezunguka wikiendi tano, na nimegundua kwamba wengi wetu huanzia picha. Unaona jiwe zuri kwenye simu ya mtu, unasema hapohapo. Mimi naona picha ni kitu cha mwisho.

Kwetu suala lilianza na dini. Dada ni Mkristo, shemeji ni Mwislamu, na wamekubaliana kila mmoja abaki na yake. Kanisani haiwezekani, msikitini haiwezekani, inabaki bomani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya kiserikali sawasawa na ile ya dini, kwa hiyo hapo hakuna wasiwasi. Wasiwasi uko kwenye sherehe. Ukiifanya nyumbani kwetu, wakwe watakaa kama wageni. Ukiifanya kwao, mama yangu atakaa pembeni ya kiti akiangalia saa. Kwa wengine mandhari ni pambo tu. Sisi tulikuwa tunatafuta ardhi isiyo ya upande wowote.

Kabla ya ardhi, sheria kidogo, maana nimekutana na wanachuo wanaodhani unaweza kuamka asubuhi, ukampigia mtu wa bomani, na jioni ukawa mume wa mtu. Taarifa ya kusudio la kuoana inatolewa siku zisizopungua 21 kabla, nayo inatangazwa ili mwenye pingamizi alete. Siku ya ndoa lazima wawepo mashahidi wasiopungua wawili, na wote wawili wanaooana wawe wameridhia kwa hiari yao. Kwa hiyo siri kamili haipo. Ukitaka msajili akufuate hadi mlimani, hilo ni ombi la pekee, kaulize mapema ofisini kwao. Sisi tumetenganisha: sahihi zinawekwa bomani asubuhi, halafu viapo, dua na chakula vinafanyika nje mchana. Napendelea hivi. Mvua ikinyesha saa tisa, mmeshaoana. Kilicholowa ni mkeka.

Sasa mahali. Mtu wa Iringa ukimwambia mandhari, jibu la kwanza ni Gangilonga. Jiwe lile kubwa liko juu ya mji, na jina lake kwa Kihehe maana yake ni jiwe linaloongea. Inasimuliwa kwamba Mtwa Mkwawa alikuwa akienda pale kutafakari. Ukikaa juu jioni unauona mji wote chini yako na jua linazama upande wa mbele. Ni pazuri kweli, sibishi. Ila nilipanda mara mbili nikiwa na saa mkononi. Njia ni fupi lakini ina mwinuko, na sehemu za jiwe lenyewe zinateleza ukivaa kiatu cha sherehe. Juu hakuna kivuli, na upepo unavuma bila kuzuiwa na chochote. Na jua likizama unashuka gizani, kwa sababu huku kwetu karibu na ikweta jioni haikawii: dakika 20 hivi baada ya jua kuzama huoni unapokanyaga. Wawili na mpiga picha, sawa. Bibi yetu mwenye magoti mabovu, hapana.

Mtu akapendekeza Kalenga, kandokando ya mto. Mimi nilikataa kabla hata ya kwenda kupima. Kalenga ilikuwa ngome ya Wahehe iliyovunjwa na Wajerumani mwaka 1894, na kwenye makumbusho yake kuna fuvu la Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Kuna watu wanaokwenda pale kwa huzuni na heshima. Sisemi ni dhambi kuoa jirani na hapo, nasema tu kwamba mahali pakiwa na wenyewe, uulize wenyewe kwanza, na sikuwa tayari kumsikia mzee wa Kihehe akiniuliza tunashangilia nini. Maporomoko ya Sanje kule Udzungwa, yenye urefu wa zaidi ya mita 170, nilipewa na rafiki ambaye, nadhani, hajawahi kutembea na mama mwenye kitenge na sufuria la pilau.

Tukabaki na Isimila. Ni kama kilomita 20 kutoka mjini, barabara ya Mbeya, halafu unachepuka. Wanaotoka nje ya mkoa wanaijua kwa nguzo za udongo na mawe zilizochongwa na mmomonyoko, zimesimama korongoni kama watu wanaosubiri jambo. Wanahistoria wanaijua kwa zana za mawe za watu wa kale sana, zilizochimbuliwa hapo miaka ya 1957 na 1958. Nilichokipenda mimi ni kitu cha kawaida zaidi: gari linafika karibu. Kuna sehemu ya juu ambako unaweza kukaa na kuziona nguzo kwa chini bila kushuka. Viapo vitasemwa juu, kila mtu akiwa amekaa. Baadaye maharusi na vijana watashuka korongoni kwa picha, wazee wabaki na soda zao.

Masharti yapo, na ni ya haki. Ni eneo la malikale, unalipa kiingilio, na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalilinda. Kwa hiyo hakuna kuokota jiwe la kumbukumbu, hakuna kupanda nguzo, hakuna zile karatasi za kumetameta za kurusha ambazo zitabaki pale hadi watoto wenu waoane. Mifuko ya plastiki tumeshaizoea kukosa tangu Juni 2019, tutabebea kwenye vikapu. Droni inataka kibali, na kwa maoni yangu inaharibu dua. Na lile korongo ni njia ya maji: wakati wa masika usimpeleke mtu chini huko eti kwa sababu asubuhi kulikuwa kukavu.

Hapa ndipo majira yanapoingia. Iringa mvua huanza kati ya Novemba na Desemba na kuishia Aprili hivi. Juni na Julai ni baridi, ya kweli, mji uko mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na gauni lisilo na mikono litamfanya bibi harusi aape akitetemeka. Agosti kwenda mbele upepo na vumbi, na Oktoba jua la mchana linapita karibu kabisa utosini. Mwisho wa Mei nyasi bado zina ukijani na barabara imekauka. Ndiyo maana tukachagua Mei, si kwa sababu ya unajimu wowote.

Saa ya siku nayo ina hesabu yake. Jua la saa sita mchana linatia kivuli chini ya macho, watu wote kwenye picha wanaonekana hawajalala. Mwanga mzuri Iringa mwezi huo ni kuanzia saa 10 alasiri, na jua huzama kama saa 12 na nusu. Pia angalia wageni wanatazama wapi. Ukiwapanga waangalie magharibi jioni, watasikiliza viapo wamefumba macho. Wapange walipe jua mgongo.

Siku tumechagua Ijumaa, maana bomani Jumamosi hakufunguliwi. Asubuhi saa tatu sahihi, kisha baba mkwe na wenzake waende swala ya Ijumaa bila kukimbizana, kisha chakula. Alasiri ikishaswaliwa tunaanza Isimila saa 10 na nusu. Nimepanga dakika 40, kipindi kimoja cha sekondari. Anayesoma ualimu anajua kwamba zaidi ya hapo, darasa la nje huwezi kulishika. Katika andalio langu kuna hata safu ya mvua: banda la jirani nimeshaliulizia.

Aliyenisumbua kuliko jua ni mama. Nilimpigia kumweleza idadi, watu tisa. Akanyamaza kwanza.

"Mwanangu, mimi nimechangia harusi za watu miaka 15. Daftari ninalo. Hao wote nawaambia nini?"

Wengi tukizungumzia ndoa ndogo huwa tunaliruka swali hili. Mchango si hasara, ni deni: leo kwako, kesho kwangu. Mama alikuwa ameweka akiba kwa majirani, na binti yake anataka kuifuta kwa siku moja. Sikumwambia kwamba mambo yamebadilika. Nilimwambia, "Mama, wachangaji wako utawalisha nyumbani, Jumapili inayofuata, kwa jina lako. Isimila ni ya kiapo tu." Alisema atafikiri. Baada ya siku mbili akanitumia ujumbe wenye majina, na tisa wakawa 14, akiwemo mama mmoja wa kikoba ambaye dada hamfahamu kabisa. Gari dogo la abiria linatosha, nimeshaulizia bei kwenda na kurudi.

Tangazo limeshabandikwa bomani, nimelisoma mwenyewe juzi nikitoka darasani. Bibi, kwa upande wake, hajauliza habari ya dini, wala nguzo, wala kamati. Ameuliza kama kitakuwepo kiti chenye mgongo. Kipo, cha mbao, mama mwenye nyumba wangu kaniazima, kwa sharti kwamba kirudi kabla ya Jumapili.