Mpango Uleule, Bima Nyingine

Kila mwaka, kabla ya Septemba kwisha, kampuni za bima nchini Marekani zinatakiwa ziwe zimemfikishia kila mwanachama wa Medicare Advantage notisi ya mabadiliko ya mwaka unaofuata. Huja katika bahasha nene, na wazee wengi huitumbukiza kwenye droo pamoja na matangazo ya pizza na barua za benki. Nikikaa na familia inayomtunza mzazi huko Columbus au Dallas, swali langu la kwanza ni hilo: barua ya Septemba iko wapi? Mara nyingi naambiwa haikufunguliwa, maana mama hajabadilisha bima. Ni kweli hajabadilisha. Bima ndiyo iliyombadilikia.

Kwa msomaji aliye mbali na mambo haya, Medicare ni bima ya afya ya serikali kuu ya Marekani, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1965 kwa watu waliofikisha miaka 65. Baadaye waliongezwa watu wenye ulemavu na wagonjwa ambao figo zao zimeshindwa kabisa. Sehemu A hulipia kulazwa hospitali, Sehemu B hulipia madaktari, vipimo na matibabu ya nje. Bima ya dawa zinazoandikwa na daktari na kununuliwa dukani ilikuja na sheria ya mwaka 2003, ikaanza kazi 2006 kwa jina la Sehemu D. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyotoa jina la Medicare Advantage kwa utaratibu wa kuziachia kampuni binafsi ziiendeshe bima ya wazee kwa fedha za serikali. Zaidi ya nusu ya wenye haki ya Medicare sasa wako huko, watu wapatao milioni 34 mwaka 2025, na karibu nusu yao wameshikwa na kampuni mbili tu, UnitedHealthcare na Humana.

Kwa nini mpango uleule, wenye jina lilelile na kadi ya rangi ileile, uwe kitu kingine ifikapo Januari? Jibu liko kwenye hesabu zinazopigwa miezi mingi kabla ya mzee kuletewa bahasha. Serikali huilipa kampuni kiasi fulani kila mwezi kwa kila mwanachama, awe mgonjwa au mzima. Kiwango hutofautiana kaunti kwa kaunti, na huongezeka kulingana na magonjwa yaliyoandikwa kwenye faili la mwanachama. Mwanzoni mwa mwaka serikali hutoa rasimu ya viwango vya mwaka unaofuata, Aprili hutangaza vya mwisho, na mwanzoni mwa Juni kampuni hupeleka zabuni zao. Kampuni ikisema inaweza kumhudumia mwanachama kwa fedha pungufu ya kiwango cha kaunti, hurudishiwa sehemu ya tofauti hiyo kwa sharti kwamba iitumie kumnufaisha mwanachama. Matibabu ya meno, miwani, vifaa vya kusikilizia, usafiri wa kwenda kliniki, kadi ya kununulia dawa za maumivu na dawa ya mswaki, vyote vinavyotajwa kwenye matangazo ya televisheni kuwa ni vya bure, kwa sehemu kubwa hutoka kwenye mfuko huo. Mfuko ukinyauka, hivyo ndivyo vya kwanza kukatwa.

Na umenyauka. Kati ya 2024 na 2026 serikali ilibadilisha hatua kwa hatua namna ya kukadiria uzito wa magonjwa, na baadhi ya maandishi ya daktari yaliyokuwa yakiongeza malipo hayaongezi tena. Wazee nao wametumia huduma zaidi kuliko kampuni zilivyotarajia. Juu ya hayo, mzigo mkubwa zaidi wa bei ya dawa umehamia kwa kampuni zenyewe. Matokeo ni mipango kufungwa, kaunti nyingine kuachwa na manufaa kupunguzwa. Mzee wa wastani aliyekuwa na mipango 34 ya kampuni binafsi yenye dawa ya kuchagua mwaka 2025 alibaki na 32 kwa mwaka 2026. Bado ni mingi kupita uwezo wa mtu yeyote kuilinganisha mezani kwake, lakini wastani huficha kaunti ya vijijini ambako kampuni mbili zikiondoka, zinaondoka na karibu kila kitu. Hata hivyo sizionei kampuni huruma sana. Tume inayolishauri bunge la Marekani kuhusu Medicare ilikadiria kwamba mwaka 2025 serikali ingezilipa takriban dola bilioni 84 zaidi ya ambazo ingetumia kama watu walewale wangekuwa kwenye Medicare ya serikali.

Turudi kwenye bahasha. Notisi ina jedwali lenye safu mbili, mwaka huu upande mmoja na mwaka ujao upande wa pili. Macho ya watu wengi hukimbilia mstari wa kwanza, ada ya mwezi, wakaona sifuri na sifuri, wakaifunga. Sifuri hiyo haisemi mengi, kwani takriban robo tatu ya wanachama wa mipango yenye dawa hawalipi ada yoyote zaidi ya ile ya Sehemu B. Shuka chini. Tafuta kikomo cha fedha anazoweza kutoa mfukoni kwa mwaka. Sheria hairuhusu kizidi dola 9,250 kwa watoa huduma walio ndani ya mtandao wa mpango, yaani wenye mkataba na kampuni, mwaka 2026, lakini chini ya dari hiyo kampuni inaweza kukipandisha inavyotaka, na kutoka dola 4,500 hadi 6,700 ni mstari mmoja tu wa maandishi. Tafuta gharama ya kulazwa. Tuseme mwaka huu mzee analipa dola 295 kwa siku kwa siku tano za kwanza, na mwaka ujao ni dola 375 kwa siku sita. Wiki moja ya nimonia imeruka kutoka dola 1,475 hadi 2,250, na ada ya mwezi ingali sifuri.

Kisha dawa, na hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko kwingine. Orodha ya dawa imegawanywa katika madaraja, na dawa inaweza kupandishwa daraja bila jina lake kubadilika popote kwenye meza ya mzee. Dawa ya kuyeyusha damu iliyokuwa ikilipiwa kiasi maalumu inaweza kuanza kulipiwa kwa asilimia ya bei yake. Duka la dawa la jirani linaweza kutolewa kwenye kundi la maduka yenye bei nafuu likabaki kwenye mtandao wa mpango tu, na mzee akashangaa mbona Januari analipa zaidi kwa kidonge kilekile. Kuna afueni ya kweli upande huu. Sheria ya mwaka 2022 ilipunguza insulini hadi dola 35 kwa mwezi, na kuanzia 2025 ikaweka kikomo cha mwaka kwa malipo ya mfukoni ya dawa za Sehemu D, dola 2,000 mwaka huo na 2,100 mwaka 2026. Ila kikomo hicho huhesabu dawa zilizo kwenye orodha ya mpango peke yake. Dawa iliyoondolewa kwenye orodha haimo katika hesabu, hata mzee akilipa dola elfu tano.

Pale ada ya mpango inapoonekana imetulia, ada ya Sehemu B haitulii, na mwanachama wa Medicare Advantage anaendelea kuilipa. Mwaka 2025 ilikuwa dola 185 kwa mwezi, mwaka 2026 ni dola 202.90, na kwa kawaida hukatwa moja kwa moja kwenye malipo ya uzeeni. Mstaafu wa wastani aliongezewa takriban dola 56 kwa mwezi mwaka 2026, na karibu theluthi yake ikaishia hapo kabla hajaiona.

Jambo moja ni rahisi kulipita bila kuliona: kibali cha awali. Kwenye Medicare ya serikali daktari akiandika kipimo, kwa kawaida kinafanyika. Kwenye mpango wa kampuni, kipimo hicho hicho au siku za kukaa kituo cha mazoezi ya viungo baada ya kiharusi mara nyingi husubiri kampuni ikubali. Mwaka 2023 maombi yapatayo milioni 3.2 yalikataliwa yote au kwa sehemu. Waliokata rufaa walikuwa karibu 12 katika kila 100, lakini zaidi ya rufaa nane katika kila kumi zilishinda. Anayeambiwa hapana akanyamaza anaiachia kampuni fedha.

Dirisha la kubadili mpango hufunguliwa 15 Oktoba na kufungwa 7 Desemba, na uamuzi huanza kazi 1 Januari. Aliyeko tayari kwenye Medicare Advantage ana nafasi moja zaidi kati ya 1 Januari na 31 Machi. Ukisikia hivyo unaweza kudhani mtu akichoshwa na kampuni binafsi anarudi tu Medicare ya serikali. Kurudi anaweza. Tatizo ni kwamba Medicare ya serikali peke yake haina kikomo cha malipo ya mfukoni, na asilimia 20 ya gharama nyingi za Sehemu B hubaki kwa mgonjwa. Wanaojimudu huziba pengo hilo kwa bima ya ziada iitwayo Medigap, na Medigap haina msimu wa kila mwaka. Kampuni inalazimika kumpokea mtu bila kumuuliza maradhi yake kwa miezi sita tangu alipofikisha miaka 65 na kuingia Sehemu B. Baada ya hapo, katika majimbo mengi, inaweza kumkataa kwa kisukari au moyo, au kumtoza zaidi. Connecticut, Massachusetts, Maine na New York zinawalinda wazee zaidi. Kwa hiyo Mkongo aliyezeekea Portland, Maine, ana mlango ambao ndugu yake wa Louisville, Kentucky, hana. Kuna njia nyingine mbili za kukumbuka: aliyejiunga na Medicare Advantage mara tu alipofikisha 65 anaweza kurudi ndani ya miezi 12 na kupata Medigap, na aliyefungiwa mpango wake anaweza kuidai ndani ya siku 63 baada ya bima kwisha. Barua ya kufungiwa mpango si habari mbaya tu. Kwa wengine ndiyo nafasi ambayo haitarudi, na inasikitisha kuona inavyopotea kwa sababu dalali alipiga simu kwanza na mpango mwingine wa sifuri.

Kwa wenzetu wanaorudi nyumbani Mombasa au Bujumbura kwa miezi kadhaa kila mwaka, kuna kifungu cha kuangalia kwa makini. Medicare ya serikali kwa kawaida hailipii matibabu nje ya Marekani. Baadhi ya mipango ya kampuni hulipia dharura ugenini, nalo ni jambo zuri, lakini mwanachama akikaa nje ya eneo la mpango zaidi ya miezi sita mfululizo huondolewa. Na kwa wakimbizi, sheria iliyosainiwa 4 Julai 2025 imefunga Medicare kwa wahamiaji wengi wasio na ukaazi wa kudumu, na waliokwisha kuandikishwa wakiwa hawana haki kwa kanuni mpya wataondolewa ifikapo 4 Januari 2027. Mzee aliyekuja kutoka kambi ya Nyarugusu na bado hajaomba kadi ya kijani, yaani ukaazi wa kudumu, ana sababu ya kuiomba sasa.

Dalali hulipwa na kampuni anayoiuza. Washauri wa SHIP, huduma ya ushauri wa Medicare iliyoko katika kila jimbo, hawauzi chochote, hawatozi kitu, na mzee ana haki ya kuomba mkalimani wa Kiswahili. Aende na chupa za dawa zote na bahasha ya Septemba. Kadi ya Medicare yenyewe, ile ya rangi nyekundu, nyeupe na bluu, isitupwe hata kama daktari haiulizi tena: mzee akilazimika kuhama kampuni au kurudi Medicare ya serikali, namba iliyoandikwa juu yake ndiyo atakayoulizwa kwanza.